Dilawar bhai na Chumba Kilichopindishwa Makusudi

Ijumaa tarehe 29 Juni 2018, Dilawar Sikander, tunayemwita bhai, yaani kaka, fundi na mtunza jengo letu la jumuiya hapa Crescent Town, Toronto, anakabidhi funguo baada ya miaka ishirini na miwili ya kazi. Kamati imeniomba niandike mimi, kwa kuwa nimefanya naye kazi muda wote huo, na kwa kuwa wengine wote walipoambiwa ni mimi waliweka kalamu chini kwa heshima.

Wengi mnamjua kwa makofi yake. Dilawar haingii mahali bila kupiga kofi moja la viganja, kisha anatega sikio asikie mwangwi. Amepiga ndani ya benki, amepiga kwenye lifti, amepiga kwa daktari wa meno akiwa mdomo wazi. Kwenye hitma moja alipiga kofi lake huku mwenyekiti wetu, Jalaludin, akiwa katikati ya hotuba. Jalaludin akadhani anashangiliwa, akaanza hotuba upya. Dilawar akapiga jingine, apime kona ya pili. Pilau tulikula alasiri.

Kazi yake kubwa ni chumba cha muziki cha kule chini, palipokuwa stoo ya mazulia. Mazulia yalipotolewa, ukipiga chafya Jumatatu unajibiwa Jumanne. Jalaludin alipataka pawe pa badminton. Baada ya vikao vya kumzeesha mtu, ikaamuliwa Dilawar ajenge, kisha kwaya ya Kikongo ya Mama Sabine ije kujaribu. Wakipapenda watapakodi, chumba kibaki cha muziki. Wakikataa, wavu wa badminton unafungwa. Dilawar alikonda kwa wasiwasi. Marehemu baba yake alipiga kinanda sebuleni Tabora maisha yake yote, majirani wakimgongea ukuta anyamaze; Dilawar alitaka mahali ambapo muziki haugongewi ukuta.

Basi akajaza kuta pamba ya mawe ya kuzuia sauti, akatundika mbao darini, na ukuta mmoja akaujenga umekaa upande. Jalaludin akaja na timazi kupima kama umesimama wima.

"Dilawar bhai, ukuta wako umelewa?"

"Mzima kabisa, Jalal bhai. Kuta mbili zikitazamana uso kwa uso, sauti haiishi kwenda na kurudi, kama wake wenza wanajibizana. Huu nimeugeuza shingo."

Siku ya majaribio ilikuwa Januari 2009, theluji imefika magotini, kwangu mimi kiunoni. Chumba kikajaa. Kwaya ikaimba, sauti ikafa pale pale kama mtu anaimba ndani ya godoro. Jalaludin akaanza kupima kwa hatua mahali pa wavu.

Dilawar akapiga kofi lake, akaacha kuzitazama kuta, akatutazama sisi. Tulikuwa tumekaa na makoti, manene kama kondoo, nayo ndiyo yaliyokuwa yakiimeza sauti. Tangu ile Idi makoti meusi yalipochanganyika mlangoni, na mwenzetu Gulzar akafika kwake, mtaa wa Jane and Finch, na meno ya bandia ya mtu mwingine mfukoni, hakuna aliyekubali kuacha koti lake nje.

"Langu halitoki," akasema Bi Sughra kutoka kwenye viti. "Labda ukalilinde wewe mwenyewe."

"Nitayalinda yote," akasema Dilawar.

Nikayabeba mimi, mia na ushei, safari moja, mkono wa pili nina chai. Dilawar akakaa nayo kwenye korido, na ule mlango wake mzito usiopitisha hata mnong'ono ukafungwa.

Ndani, Mama Sabine alitoa sauti moja tu na Bi Sughra akaanza kulia. Jalaludin akawaeleza watu kwamba ukuta wa upande lilikuwa wazo lake. Mama Sabine akafungua mlango.

"Papa Dilawar, tunabaki hapa."

"Mmeshaanza?"

"Tumeshamaliza, Papa."

Tangu hapo hakuna anayemwamini mlinzi mwingine. Makoti Toronto huvaliwa tangu Septemba hadi Mei, na kiangazi kwaya husafiri. Kwa hiyo miaka tisa Dilawar amekaa koridoni, na chumba chake hajakisikia kikiimba hata wimbo mmoja.

Dilawar bhai, asante kwa yote. Kwaya imeahirisha safari ili ikuimbie chumbani mwako, na Juni hakuna mwenye koti. Kiti chako ni cha mstari wa mbele. Ingia ndani, ukae, na maisha yako ya mbele yawe mema.