Walimu Watatu wa Zadock

Nyuma ya soko la Kibuye, pale wauza viatu vya mitumba wanapoishia na mafundi wa cherehani wanapoanzia, kuna benchi refu la mbao lililoegemea ukuta wa stoo ya mahindi. Kila alasiri Yahya huleta jiko lake la makaa hapo, akabandika birika la kahawa yenye tangawizi, na kabla halijachemka benchi huwa limeshajaa. Watu wa benchi lile hawaendi kusikia habari, huenda kuzirekebisha. Kuna Ogola, anayeitwa Japuonj, yaani mwalimu, ingawa hajawahi kufundisha darasani. Jina alilipata kwa kuwasomea wenzake gazeti kwa sauti huku akiwaeleza mwandishi amekosea wapi. Kuna Odongo, anayeitwa Kapteni, ambaye zamani alikuwa mpishi katika meli ya ziwani, akatoka huko na amri nyingi kuliko nahodha mwenyewe. Na kuna Zadock, fundi wa nguo, ambaye hana jina la kijiweni. Yeye huongea kidogo na kusikiliza sana, na benchi linampenda kwa hilo.

Siku moja Zadock alifika akisukuma pikipiki. Ilikuwa nyekundu, mpya, matairi yake bado yana vile vinywele vya mpira. Aliiegemeza taratibu ukutani, akaketi, akaomba kahawa kama vile hakuna jambo. Benchi zima likageuka kuitazama.

Sababu ya pikipiki ile ilikuwa Dorca. Zadock alikuwa ameoa mara ya pili baada ya miaka mingi ya kula ugali peke yake, na Dorca naye alikuwa mjane, muuguzi mwenye kicheko cha chini chini. Ndoa waliifungia kwao mke, huko Uyoma, kwa hiyo watu wa benchi hawakuwahi kumwona. Kabla hata mapazia ya nyumba mpya hayajanyooka vizuri, Dorca akahamishiwa zahanati moja iliyo ndani sana, mbele ya Sondu. Gari la abiria hukuacha kwenye lami, na kutoka hapo ni vilima na vumbi. Zadock hufunga kibanda Jumamosi alasiri. Mpaka gari lijae, mpaka afike Sondu, giza limeingia na hakuna cha kumfikisha mbele. Basi ndoa ikawa ya simu. Walizungumza kila jioni, na simu ikikatwa nyumba ilikuwa kimya kuliko zamani, alipokuwa hana wa kumpigia.

Zadock alikuwa amejifunza kuendesha vizuri. Alikwenda shule ya udereva, akapata leseni, akanunua helmeti na koti la kung'aa. Mwalimu wake alimzoeza kukagua pikipiki kila asubuhi kabla ya kuiwasha: upepo wa tairi, breki zote mbili, cheni, oili, taa. Na kwa kuwa injini ilikuwa mpya, aliambiwa asiilazimishe mwendo mpaka izoee, kisha amwage ile oili ya kwanza. Zadock aliyashika yote hayo. Shida yake haikuwa kutojua. Shida yake ilikuwa kwamba hakuweza kumkatalia mtu ushauri. Aliona ni kama kumwacha mtu amenyoosha mkono wa salamu, hewani.

Na pale benchini mikono ilinyooka.

– Breki ya mkono usiiguse, omera, ndugu yangu, alianza Kapteni. Hiyo iko mbele. Ukiishika, pikipiki inasimama, wewe unaendelea. Meli haina breki ya mbele.

– Meli haina breki kabisa, alisema Yahya akimimina.

– Ndio hiyo nakwambia.

Japuonj alikunja gazeti. Alisema tatizo haliko kwa breki, liko kwa tairi.

– Tairi ikijaa sana inagusa barabara kidogo tu. Hiyo ni sayansi. Punguza upepo, ikalie barabara yote. Umeona mguu wa ngamia vile iko laini?

– Ngamia iko wapi hapa Kibuye? aliuliza Kapteni.

– Ndio maana watu wa hapa wanaanguka.

Yahya naye, aliyekuwa na shemeji muuza samaki, alisema oili ya dukani hukauka kwenye cheni kabla hujafika Nyamasaria. Dawa ni mafuta ya mbuta. Mbuta anaishi majini maisha yake yote na hakuna aliyewahi kumvua akiwa na kutu.

Mazungumzo yalizidi kupanda kadiri birika lilivyopungua. Japuonj alieleza kwamba pikipiki inapaswa kulala imeelekea ziwani ili upepo wa usiku uingie kwenye injini. Kapteni akasema injini mpya huwa na upweke, imetoka mbali, kwa hiyo wiki ya kwanza isizimwe ghafla bali iagwe. Zadock alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, akawashukuru mmoja mmoja. Alijua mwalimu wa shule alisema tofauti. Lakini hawa walikuwa watu wake. Ndio waliokaa naye kimya kwenye benchi lile mwaka aliozika mke wa kwanza. Jioni ile alipunguza upepo wa matairi. Kesho yake Yahya alimletea chupa ya mafuta ya mbuta, naye akaipaka cheni mpaka ikatiririka. Paka wa soko wakaanza kumfuata kila alikokwenda.

Jumamosi alifunga kibanda mapema ili ajaribu mpaka Ahero tu. Akifaulu, Jumamosi inayofuata angeendelea mpaka kwa Dorca, ambaye hakuwa amemwambia chochote kuhusu pikipiki. Alikwenda polepole, ukingoni, na upepo wa tambarare za Kano ukampiga kifuani, hata akajikuta anaimba wimbo wa kanisani ndani ya helmeti. Kila lori lililompita lilimtisha, na kila lilipokwisha kupita alijiona amekuwa kijana kidogo.

Alipofika Ahero alikata kona, akaingia njia ya udongo inayofuata mfereji wa mashamba ya mpunga, ili azoee vumbi kabla ya vile vilima vya Sondu. Hapo kundi la bata likapanda kutoka mferejini, likavuka mbele yake kwa maringo. Zadock alikumbuka maneno ya Kapteni, akaiacha breki ya mkono, akakanyaga ya mguu kwa nguvu zake zote. Tairi la nyuma lilikuwa limelegea, nalo lilikuwa limerushiwa mafuta ya cheni njia nzima. Likateleza kama sabuni. Pikipiki ikalala upande, na Zadock akaenda nayo mpaka akajigonga kichwa kwenye zege la kidaraja cha mfereji na kutumbukia majini.

Maji yalifika kiunoni tu. Alikaa ndani yake bila kusikia kitu. Hakuwaza goti wala pikipiki. Alimwaza Dorca akipokea simu kutoka kwa mtu asiyemjua, akiambiwa mumewe alikuwa kwenye pikipiki ambayo yeye hakujua ipo.

Mama mmoja aliyekuwa akipalilia mpunga, Metrine, alikuja mbio akamshika kwapani, akamtoa. Alimketisha kwenye nyasi, akamvua helmeti, akamwonyesha ufa uliopita kutoka paji mpaka kisogo.

– Baba, hii ingekuwa kichwa, alisema, akarudi kuiinua pikipiki.

Zadock alitoa simu, aliyokuwa ameifunga kwenye mfuko wa plastiki, akampigia Yahya. Baada ya muda pikapu ya kukodi ilifika, na wote watatu wakashuka. Kapteni alikunja suruali akaingia mferejini kutafuta kiatu cha Zadock kilichobaki kwenye tope, na alikaa humo mpaka akakipata. Japuonj alichana gazeti lake, lile ambalo huwa hataki hata likunjwe vibaya, akampangusa nalo masikio na shingo. Yahya alimshika Zadock mkono njia nzima mpaka hospitali. Hakuna aliyemfundisha kitu siku hiyo. Daktari alisema mfupa ni mzima. Goti lilifungwa bendeji. Jioni Dorca alipopiga simu, Zadock alisema hajambo, amechoka tu. Dorca naye akasema amechoka tu.

Wiki moja baadaye Zadock alikuwa benchini tena, mguu umenyooshwa juu ya kigoda, pikipiki imesimama ukutani na sait mira moja, kioo cha pembeni, imevunjika. Aibu ya benchi ilikuwa imepoa, na ubishi umerudi. Japuonj alikuwa anathibitisha kwamba kosa lilikuwa la bata, maana kiumbe mwenye mabawa hana sababu ya kuvuka barabara kwa miguu. Kapteni alisema breki ya mguu ilifanya kazi yake sawasawa, ila Zadock aliikanyaga kwa Kiswahili. Ingefaa aikanyage kwa Kijaluo.

Hapo ndipo pikipiki nyingine ilipoingia, nyeupe kwa vumbi. Aliyeiendesha alipunguza mwendo bila kuyumba, akasimama, akazima injini. Alikuwa amevaa gambuti, koti zito na helmeti. Alipoivua, Zadock aliona ni Dorca.

Alitaka kusimama, goti likakataa. Dorca alimwona, akaona bendeji, akaiona pikipiki nyekundu. Uso wake ulibadilika, kisha ukatulia. Alimwashiria kwa kidole anyamaze, akawaamkia wazee kwa heshima, akaomba kahawa, akaketi mwisho wa benchi kama mpita njia. Kapteni, aliyefurahi kupata msikilizaji mpya, akamsimulia yote: breki, upepo, mbuta, bata. Japuonj alimsaidia pale alipopitiwa na sayansi. Dorca alisikiliza mpaka mwisho, kikombe mkononi, bila kunywa.

– Samahani, wazee wangu, alisema. Kati yenu, nani amewahi kuendesha pikipiki?

Yahya alichochea makaa ambayo hayakuhitaji kuchochewa. Kapteni aliangalia ndani ya kikombe chake. Japuonj alifungua mdomo, kisha akafungua gazeti.

– Huyu ni mke wangu, alisema Zadock.

Wazee watatu wakainuka kwa pamoja. Kapteni alivua kofia.

– Nyar Uyoma, binti wa Uyoma, alisema, tusamehe.

Dorca aliwaambia: kaeni, baba zangu, kahawa itapoa. Alichuchumaa kando ya pikipiki nyekundu. Alilibonyeza tairi kwa kidole gumba, likabonyea. Aligusa cheni, akanusa kidole, akafumba macho. Kisha akaomba aonyeshwe helmeti. Zadock aliitoa chini ya benchi. Dorca aliushika ule ufa kwa muda mrefu, akiupapasa kwa kidole kimoja tangu mwanzo hadi mwisho.

– Hii usivae tena, alisema. Imeshafanya kazi yake.

Aliketi karibu naye. Wazee wakajitia kuangalia kwingine.

– Mbona hukuniambia?

– Nilitaka nije tu. Ufungue mlango unikute.

Dorca aliinamisha kichwa, akacheka kile kicheko chake cha chini.

– Na mimi nilikuficha. Hii ni ya zahanati, nimeileta mjini kufanyiwa sevisi. Naendesha tangu nihamie kule. Mama akishikwa na uchungu ng'ambo ya mto, siwezi kungoja gari. Nilijua nikikwambia hutalala.

– Kweli nisingelala, alisema Zadock.

Alasiri ileile walikwenda kwa makanika. Cheni ikaoshwa kwa mafuta ya taa, ikapakwa oili yake na kukazwa kiasi. Matairi yakajazwa upepo unaotakiwa. Sait mira ikabadilishwa. Helmeti mpya Dorca aliichagua mwenyewe, akimpima Zadock kichwa kama fundi mwenyewe anavyowapima wateja wake nguo. Goti lilipopona, Dorca alikuja tena, wakaenda uwanja mtupu nje ya mji. Alimfundisha kushika breki zote mbili kwa pamoja, kwa kubana polepole kama mtu anayekamua kitambaa, na kuanza kupunguza mwendo kabla ya hatari, si ndani yake. Benchi lote lilikwenda kutazama. Yahya alibeba birika. Kila Kapteni alipovuta pumzi kutaka kusema kitu, Japuonj alimkanyaga mguu.

Kisha Jumamosi ikafika. Asubuhi Zadock aliikagua pikipiki, kitu kimoja kimoja. Mchana, alipofunga kibanda, Kapteni alisogea, akanong'ona kwamba kwenye vilima vile ni heri kuteremka gia ikiwa huru, injini ipumzike. Zadock alimwekea mkono begani.

– Hapana, Kapteni, alisema kwa upole. Nitateremka na gia. Lakini asante.

Kapteni alimtazama, kisha akaitikia kwa kichwa kama aliyepewa habari njema. Alimwomba kitu kimoja tu: akifika, apige simu.

Zadock alipita Ahero kwa mwendo wa mzee wa kanisa. Alipumzika njiani, akanywa maji, akanyoosha goti. Kwenye vilima aliteremka na gia, injini ikimzuia kama mkono unaoshika koti kwa nyuma. Jua lilikuwa bado juu alipofika, na Dorca alikuwa amesimama nje ya nyumba ya zahanati, ameshika sufuria tupu, kama aliyetoka kuchota maji akasahau.

Dorca aliitua sufuria chini, akamfungua mkanda wa helmeti.

Ndipo Zadock akakumbuka simu. Akapiga, nayo ikapokelewa kabla haijalia vizuri, na sauti zote tatu zikaja kwa pamoja, kila mmoja akiuliza lake, mpaka Yahya akawanyamazisha. Zadock aliwaambia amefika salama. Akasikia benchi likilia kwa uzito wa watu walioketi tena.

– Mko hapo bado? aliuliza. Kahawa si imeisha?

– Imeisha kitambo, alisema Yahya. Makaa pia yamezimika. Tulikuwa tumekaa tu.