Teresina Gune, Aliyekataa Kuwavalisha Marehemu Suti za Kompyuta

Marehemu Teresina Gune Lokosang alizaliwa Kajo-Keji tarehe 14 Machi 1981, mtoto wa pili wa hayati Mzee Lokosang na Mama Santina. Vita vilipowafukuza nyumbani, alivuka kwenda Uganda kwa miguu akiwa bado mtoto, ameshikilia ncha ya kitambaa alichojifunga mama yake asipotee njiani.

Alisoma shule ya msingi katika kambi ya wakimbizi Adjumani. Huko mwalimu alitundika mchoro wa ng'ombe ambaye pembe zake ziliota chini ya masikio. Teresina alinyoosha mkono akasema huyo si ng'ombe. Alichapwa, na ng'ombe akabaki vilevile hadi mwisho wa mwaka. Alimaliza sekondari Arua mwaka 2000, kisha akaenda Kampala kusomea kazi ya kupanga picha na maandishi kwa kompyuta, akapata cheti chake mwaka 2003.

Alirudi Juba mwaka 2007, na mwaka 2009 akafungua duka lake Nyakuron: mabango, kadi za harusi, na karatasi za mazishi kama hii mliyoshika. Kutembea naye mjini kulikuwa adhabu. Kila bango lilimtia kinyaa. Aliona mtu mwembamba amepewa mashavu ya kiboko kwa sababu fundi kaivuta picha upande mmoja ili ijaze nafasi. Aliona herufi zenye vivuli, na vivuli vyenye vivuli vyake. Mbele ya kliniki moja palikuwa na bango la familia ya Wazungu wanaocheka, naye akauliza kwa sauti, wagonjwa wote wakisikia, "Hawa nacheka malaria ya nani?" Mumewe Emilio akamvuta mkono wakaondoka.

Huyo Emilio Loku, fundi wa jenereta, alikuja dukani kutengeneza mashine akakawia kuliko mashine yenyewe. Walifunga ndoa tarehe 24 Aprili 2010. Mpiga picha wa harusi, bila kuulizwa, aliwatoa uani kwa kompyuta akawapandikiza kando ya ziwa lenye bata weupe wenye shingo ndefu. Bibi harusi alipoletewa picha alisema, "Nile iko hapa karibu. Hii bata ya nani?" Hakulipa mpaka bata wakatolewa. Mungu aliwajalia watoto wawili, Ezbon na Betty.

Lakini kilichomchefua kuliko vyote ni suti. Wote tunaujua mtindo huo. Mtu akifa, ndugu huleta picha yake ndogo, kichwa kikakatwa na kubandikwa juu ya mabega ya mtu asiyejulikana aliyevaa suti, shingo ya huyu na tai ya yule, ngozi ikapaushwa, mawingu yakawekwa nyuma. Kwa miaka kadhaa Teresina aliifanya kazi hiyo huku amekaza meno, maana tumbo halina subira. Vita vilipoingia Juba Desemba 2013, kazi hiyo ikazidi zote.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Septemba 2016 mdogo wake Igga, mchuuzi wa vitunguu aliyeishi Gumbo, aliuawa kwenye barabara ya Nimule. Kabla ya familia kupewa habari, kuna mtu alisimama juu ya mwili wake akampiga picha kwa simu akaisambaza. Mama Santina alikuwa sokoni. Mtu asiyemjua alimsogezea simu usoni akauliza, "Mama, wewe najua huyu?" Hivyo ndivyo mama alivyopata msiba wake.

Picha ya pekee ya Igga akiwa hai ilimwonyesha amevaa vesti, amekalia gunia la vitunguu, anacheka na pengo lake wazi. Mzee Jada, baba yao mdogo na mwenyekiti wa kamati ya mazishi, alikuja dukani kuagiza suti.

"Mtu naenda kwa Mungu na vesti? Watu itacheka sisi."

"Baba, mama ameonyeshwa maiti kwa simu," Teresina alimjibu. "Mimi nataka yeye aone Igga. Igga hapana na suti."

"Weka suti, wewe binti."

"Wacha wacheke. Kalas, imeisha."

Aliichapa picha ilivyo. Mama Santina aliishika karatasi ile mazishi yote, kidole chake juu ya pengo la mwanawe. Tangu siku hiyo Teresina hakumvalisha marehemu yeyote suti. Wateja walimtukana, wengi wakahamia maduka mengine, na duka likapungua nusu. Hakulegea.

Mwanzoni mwa 2017 figo zake zilianza kushindwa. Uso ulivimba, macho yakawa madogo. Dawa zilitegemea barabara, na barabara zilitegemea wenye bunduki. Mwezi uliopita alikaa mlangoni penye mwanga, akamwamuru Emilio afute kioo cha kamera ya simu kwa kitenge ndipo ampige picha.

"Hii ndiyo ya mazishi."

Emilio akasema ile ya zamani ni nzuri zaidi.

"Betty hapana jua ule mtu ya zamani. Wewe nataka mtoto yangu azike mama ya nani?"

Alifariki nyumbani Munuki, Alhamisi tarehe 8 Februari 2018, alfajiri. Jana kamati ilileta karatasi zenye uso wa zamani, umelainishwa, umeng'arishwa, mawingu nyuma. Mzee Jada alisema uso uliovimba ni aibu. Emilio alizirudisha zote kwa mchapaji akasimama pale hadi nyingine zilipotoka. Tuwieni radhi kwa kuchelewa.

Ameacha mume wake Emilio, watoto Ezbon na Betty, mama yake Santina, na Mzee Jada, ambaye bado hajakubali.

Karatasi ya kwanza alipewa Betty, mwenye miaka mitatu. Aliitazama, akaipapasa, akasema, "Mama iko nakasirika." Kisha akaingia nayo kitandani.

Mwenyezi Mungu amjalie Teresina pumziko la amani.