Bomu la Pili la Mjomba Trolin

(Wasifu wa marehemu, umesomwa mazikoni na mpwa wake, Kyrshan Kharsyntiew)

Nyote mliopanda mlima huu na mvua hii, Trolin Kharsyntiew angewauliza kwanza mmepitia njia gani, na kwa nini si ile nyingine. Alizaliwa Laitkynsew tarehe 14 Machi 1921, kitinda mimba wa mama yake.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nane. Alifungua saa ya mwalimu ajue kinachopiga kelele ndani, akachapwa, kisha akairudisha ikafanya kazi. Nje ya shule alifundishwa upinde na mjomba wake, akawa hatari kwa shabaha.

Mwaka 1941 aliingia jeshi la anga akawa fundi wa ndege. Mapema mwaka 1944, kwenye uwanja wa ndege wa muda karibu na Imphal, kikosi chake kilifungia mabomu mawili mawili chini ya mabawa ya ndege za kivita. Zilikuwa ndege za kupigana angani, hazina kifaa cha kulengea chini. Kazi ilikuwa kuvunja daraja la mto Yu, upande wa Burma, na kando ya daraja palikuwa na nyumba za watu. Jambo hilo lilimnyima raha Trolin. Akachukua chokaa ya tambuu yake, akaketi kwenye kiti cha rubani kupima kwa jicho, kisha akashuka akachora mistari juu ya bawa.

"Fundi, unanichafulia ndege?" aliuliza rubani wake, Luteni Ghorpade.

"Daraja likifika mstari huu, bwana, inamisha pua. Hesabu hadi tatu, achia."

Siku ya majaribio mabomu yalikwenda porini kabisa. Trolin aliizunguka ile ndege mchana kutwa, halafu akajicheka mwenyewe. Kwao upinde hukatwa kwa kimo cha mwenye kuupiga, naye, mtu mfupi vile, alikuwa amechora kwa usawa wa jicho lake. Akamketisha Ghorpade, mrefu kama mlingoti, akachora upya.

Tarehe 9 Februari daraja lilivunjika. Ghorpade alirudi akasema bomu la kwanza ameliona, la pili limemezwa na moshi. Mwezi uliofuata aliruka asirudi, na Trolin akabaki na swali lake. Lile la pili lilimwangukia nani?

Mwaka 1949 alimwoa Silverine Mawlong, tunayemwita Kong kwa heshima, akahamia nyumbani kwa mkewe hapa Mawlai kama ilivyo desturi yetu, akafungua karakana ya pampu. Kila mgeni aliyetoka upande wa Burma alipewa tambuu, kisha akaulizwa habari za daraja. Kong Silverine alikuwa akimwambia, "Wewe mzee, utawatia watu woga bure."

Miaka thelathini na mitano ilipita tangu daraja livunjike. Mwaka 1979, sokoni Iewduh, alimpata mama muuza vitambaa kutoka Burma, Daw Tin Nwe, mzaliwa wa pale pale darajani. Mjomba alimuuliza habari za bomu la pili.

"Lilianguka nyuma ya zizi," alisema mama yule. "Likachimba dimbwi. Mama yangu alifuga bata humo."

"Hakufa mtu?"

"Nyati wetu mmoja wa kulimia."

Mjomba alikaa chini palepale kati ya vitambaa, akalia. Tangu hapo, kila Jumapili kanisani, alimwombea yule nyati kwa sauti, hadi mchungaji akachoka kumkataza.

Kifua kilimsumbua kuanzia mwaka juzi. Alifariki nyumbani, asubuhi ya tarehe 2 Novemba 1998, akiwa ameshamuuliza daktari kila chupa ina nini ndani.

Ameacha mjane, Kong Silverine, mabinti watatu, wajukuu tisa, sisi wapwa zake, na Daw Tin Nwe, aliyesafiri siku nne kutoka Burma na yuko nasi hapa.

Kama tusemavyo kwetu juu ya marehemu, sasa Mjomba anakula tambuu nyumbani kwa Mungu. Ghorpade yuko huko, naye aliondoka bila kujua bomu la pili liliangukia wapi. Bwana, mpumzishe mjomba wetu kwa amani, ila kwanza mwache amweleze habari ya wale bata.