Makala Yako, Maharagi Yangu

Mwaka ule wa vita njia ya pori ilifungwa tena, na makala, yale makaa ya kupikia, yakapanda bei mpaka watu wa Butembo wakawa karibu kuyaamkia kwa heshima. Ndani ya kamiyo, lori lililotoka Beni, mwalimu Mathe aliketi katikati ya mama wawili wasiojuana, mmoja na gunia la makala, mwingine na gunia la maharagi.

"Mama, ile maharagi utaipika na nini?" aliuliza mama wa makala. "Maharagi inakula makala kupita vile batoto banakula maharagi!"

"Na ile makala yako, batoto bataitafuna?"

"Bataota moto! Mutoto mwenye kutetemeka hapana lala, hata akishiba. Baridi ya Butembo, unaijua?"

"Naijua. Lakini mwenye njaa, hata ku jua kali anatetemeka."

Abiria wakacheka. Mathe alicheka kidogo tu, maana hakuwa amekula tangu asubuhi, na tumbo lake ndilo lililofuata ule ubishi kuliko masikio.

Kamiyo ikasimama Bulengera, mtaa wa Butembo. Mama wote wawili wakashuka na kumbe njia yao ilikuwa moja, mizigo mgongoni, kamba kwenye paji la uso, midomo bado inabishana.

Mathe alikuwa wa kushuka mbele zaidi. Akatazama migongo ile miwili ikienda sambamba, akaruka chini, akawakimbilia.

"Bamama, mungojee! Mimi niko na sufuria!"