Mwanamke Aliyeihamisha Herufi A

Wasikilizaji wapendwa, kama una kibodi ya kompyuta karibu, itazame. Herufi A iko wapi? Kushoto kabisa, kazi ya kidole kidogo. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyeihamisha.

Alikuwa mpiga chapa. Miaka thelathini alikaa chumba kimoja, nyuma ya duka la vifaa vya ofisi, akichapa barua na mikataba ya watu. Tulimwita Mama Chapa. Siku moja mlango wa gari ukambana mkono wa kushoto. Kidole kidogo kikakatwa. Mwenye duka akampa mwezi mmoja: arudishe kasi yake, ama akauze bahasha kaunta.

"Kiswahili hakiendi bila A," alimwambia binti yake. "Na mimi kaunta siendi."

Kompyuta yake ilikuwa na mfumo huria, ule ambao mwenye mashine anaruhusiwa kuufungua na kuubadilisha apendavyo. Akasoma, akauliza, akahesabu herufi kwenye barua zake za zamani. Akakuta X imekaa tu, kama mgeni aliyesahau kuaga. Basi A akaileta kwenye kitufe cha F, chini ya kidole cha shahada. F ikahamia kwa X. X ikapelekwa kule kwenye kidole kisichokuwepo.

Siku ya kwanza alijifungia nje. Nywila yake ilikuwa na A tatu, naye akabonyeza kitufe kilichoandikwa A. Mashine ikamkataa. Binti anasema mama alicheka mpaka machozi: "Nimehama nyumba, halafu narudi kugonga kule kule."

Kabla mwezi haujaisha kasi ilirudi. Kaunta hakukaa. Alichapa miaka tisa mingine kwa vidole tisa.

Alifariki wiki iliyopita. Nilipofika pale chumbani nilijaribu kuchapa jina langu, nikapata takataka. Kaka wa marehemu alitaka vitufe virudishwe kama zamani, tangazo la msiba litoke haraka.

"Mjomba, nipe muda," binti akamwambia. "Tukivirudisha, mkono wa mama umefutika."

Mjomba akavuta kiti, akangoja.

Poleni sana wanafamilia. Imeniuma na mimi. Nawe msikilizaji, jiulize ni vitu vingapi umeviacha vilivyo kwa sababu tu ulivikuta hivyo.

Tangazo ninalo mkononi. Mistari minne, saa tatu za kuchapa. Mna X mbili mahali pa A, pale kidole cha binti kiliporudi kwa mazoea. Nilitaka kuzisahihisha. Mjomba akasema, "Ziache."