Mama Tepu Anatuacha na Matumbo Yetu

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na moja ya kuwaharibia watu hamu ya kula, mtaalamu wa lishe wa wodi yetu ya majeruhi wa uti wa mgongo anastaafu. Wauza biskuti wa pale getini, hongereni.

Wodini tunamwita Mama Tepu. Alianzia kwenye stoo ya mashuka, akapewa mzani na meza ya miguu mitatu. Mzani aliutumia, lakini kuuamini, hata siku moja. Mtu aliyepooza miguu, alihubiri, misuli inakwisha, mafuta yanachukua nafasi, na kilo zinabaki zilezile. Kwa hiyo kila kiuno kilizungushiwa tepu, hata cha mganga mkuu, ambaye wala hakuomba.

Mimi, karani wa wodi, nilikuwa mgonjwa wake. Nilikuwa fundi paa, nikaanguka. Shangazi yangu akaapa kwamba mgongo huungwa kwa mafuta ya kukaangia, nami nikawa nakula kama fundi huku kazi yangu ni kukaa.

Sharti la kurudi nyumbani lilikuwa moja: nijinyanyue mwenyewe kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu. Sikuweza; mikono haikuubeba mwili, nikaambiwa nipunguze kilo. Badala ya kupunguza sahani, nikatumia akili, jambo nisilolizoea. Kiti hupimwa kwanza kitupu, kisha na mtu, halafu uzito wa kiti hutolewa. Basi nikaficha chupa mbili za maji, za lita moja moja, chini ya mto wa kiti, kikapimwa, nikazichomoa kabla manesi hawajanipandisha. Kilo mbili chini! Wodi nzima ikapiga makofi.

Mama Tepu hakupiga. Tepu yake ilionyesha kiuno changu kimeongezeka sentimita tatu. Wiki iliyofuata akainua mto mapema, akazikuta chupa. Alimwaga maji, akajaza mchanga, akaniamuru nizinyanyue kila asubuhi, na sahani ikawa nusu. Shangazi aliitwa ofisini akatoka kimya, muujiza ambao mumewe bado anauombea.

Mwezi wangu wa tano wodini nilijinyanyua. Aliandika neno moja kwenye faili, "Anaweza," kisha akanipima kiuno.

Mama, ahsante. Kila la heri huko uendako, na keki ya leo kula kipande kizima, hatukupimi. Tepu umetuachia, chupa ninazo chini ya meza. Na leo asubuhi nimetoka kitandani bila kushikwa na mtu, nikaja kukuaga.