Msamaha kwa Ajili ya Mikia

Mheshimiwa mudiri wetu, mwenye gati, mwenye boti na mwenye kiyoyozi hiki kinachotupulizia, ambaye Kiswahili chetu hakimsumbui. Bwana Morgan, afisa wa wafanyakazi, Mkenya mwenzetu siku ya Ijumaa na bosi wetu siku zilizobaki, ambaye Kiswahili chetu leo huenda kikamsumbua kidogo. Mama Magdaline, mwenyekiti wa chama chetu cha Wakenya wa Jeddah. Ndugu wavuvi kutoka Misri na Bangladesh, mliokuja kwa upendo na kwa kusikia kwamba kuna wali. Dada zetu mliopewa ruhusa na madam zenu, na nyinyi mliojipa wenyewe. Wageni wote, itifaki imezingatiwa, na kama kuna mkubwa niliyemruka, anisamehe, maana leo ni siku ya misamaha.

Mimi ni Nahashon, dereva wa lori la barafu. Kazi yangu ni kuwachukua samaki hapa Jeddah na kuwafikisha Riyadh kabla hawajaanza kunuka. Hotuba hii nayo nimeombwa niifikishe hivyo hivyo.

Tumekusanyika kumuaga Titus, mkaguzi wetu wa samaki, yule pale aliyevaa suti ya Victor. Na kwa kuwa kampuni yetu haipiki wali kwa sababu moja tu, tumekusanyika pia ili Titus aombe msamaha. Bwana Morgan amenieleza utaratibu mara kadhaa, kwa upole unaozidi kupungua: msamaha kwanza, mbele ya watu, pasipoti baadaye. Sasa Titus hana ufasaha wa kuomba msamaha kwa jambo asilolikosea. Ndipo nikateuliwa mimi, mtu wa maneno laini.

Muda wenyewe hatunao mwingi. Ndege ni jioni hii. Huruj, ile ruhusa ya kutoka nchini, imeshatoka, tiketi ipo, sanduku liko kwenye gari la Derrick hapo nje. Kilichobaki ni hicho kitabu kidogo kilicho ndani ya koti la Bwana Morgan, upande wa moyo. Na kule Sio Port, ufuoni mwa ziwa, mkewe Titus, Peris, anatarajia kujifungua wakati wowote. Mtoto wao wa kwanza Titus alimwona kwenye simu, tayari ana meno. Huyu wa pili angependa kumpokea kabla hajaanza kuuma.

Basi tukiri makosa. Kosa la Titus lilianzia Nairobi, kwa wakala aliyemwajiri kuwa askari wa geti. Angebaki askari wa geti, leo tungekuwa tunakula kimya. Lakini gati letu lilikuwa limepewa kibali kwa sharti la kuwa na mkaguzi, na mtu mmoja akamsikia Titus akisimulia jinsi alivyokuwa kwenye kamati ya ufuo kule kwao, wakisimamia miezi ya kuwapumzisha omena. Yalla! Akavuliwa kofia ya uaskari, akapewa ubao wa kupimia, mizani na kisu. Sharti la kibali lilitaka mkaguzi. Kwa ninavyoelewa, halikutaja kama awe na macho.

Kwa dada zetu mnaowajua najili wakiwa kwenye sinia tu, nieleze. Najili ni chewa mwekundu mwenye madoa ya buluu, na mwenye bei ya kumfanya mtu amtazame kwa heshima. Maji yakianza kupata joto, hukusanyika kwenye miamba kutaga mayai. Wakishakusanyika hivyo hawana akili tena, kama sisi siku ya mishahara. Hata aliyefumba macho anawavua. Ndiyo maana msimu hufungwa. Nyavu za wavuvi wa kuuza hufungwa, na mishipi ya wale wanaovua kwa kujifurahisha wikendi hufungwa vilevile. Halas. Hakuna najili kwa mtu yeyote mpaka wazae wamalize. Hivyo ndivyo tulivyosomewa, na tangazo lilibandikwa gatini kwa lugha nne, ili asiwepo wa kusingizia kwamba hakuelewa.

Wavuvi wetu walielewa. Rafiqul, simama kidogo wakuone. Huyu ni nahodha wa boti ya nyavu, na mwaka huu alirudi na najili wachache walionasa pamoja na samaki wengine. Titus akawachukua wote. Nilikuwepo, nilikuwa napakia barafu. Rafiqul akamwambia, kwa Kiarabu chetu cha gatini ambacho sadiki ni rafiki na mafi ni hakuna, "Titus, sadiki, mafi samaki, mafi kazi. Mimi kula nini? Barafu?"

Titus akamjibu, "Tutakula wote barafu, ndugu yangu. Najili anazaa."

"Na watu wakubwa?"

"Wote sawa."

"Wallahi?"

"Rafiqul, nimesema wote sawa."

Ndugu zangu, mtu anaweza kuharibu maisha yake kwa maneno mawili tu, na wala hayakuwa matusi.

Maana Ijumaa iliyofuata, boti ya starehe ya wageni wa mudiri ilirudi kutoka miambani. Wageni walikuwa wametoka Riyadh kuja kupunga hewa ya bahari, na walipoipunga, kwa bahati tu, hewa hiyo ikajaza najili kwenye makasha mawili ya barafu. Wanene, matumbo yamejaa mayai. Titus akaweka ubao wake mezani. Bwana Morgan akateremka mbio kutoka ofisini, na sijawahi kumwona akikimbia hivyo hata siku stoo iliposhika moto.

"Titus, hawa ni wageni wa mudiri."

"Karibu wao, bosi. Ila hawa samaki hawana mwaliko."

"Andika changu."

"Changu hana madoa ya buluu, bosi."

"Basi andika changu mwenye madoa!"

Wasomi mliomo humu, mkamsajili samaki huyo. Changu mwenye madoa, aliyegunduliwa na Bwana Morgan kwenye gati la Jeddah, mwaka wa 2016. Anapatikana Ijumaa tu, na huliwa na watu wa Riyadh.

Titus hakubishana. Alimwambia jambo moja tu, "Bosi, Rafiqul anatazama." Kisha akatoa kisu, akafanya kama desturi ya gati letu inavyotaka: kila samaki aliyetwaliwa hukatwa ncha ya juu ya mkia, kwa mshazari, ili asije akauzwa. Akawakata wote. Wageni hawakukasirika sana. Mmoja hata alimpiga picha, akidhani ni mapishi ya kwetu. Samaki wakaingia stoo, na Bwana Morgan akatutangazia kwamba watapelekwa kwa wahitaji.

Na kwa hili nimtetee Bwana Morgan, maana kuna watu wanaomsema vibaya. Samaki walipelekwa kweli kwa wahitaji! Niliwapeleka mimi. Nilipewa maboksi yaliyofungwa kwa utepe, nikaambiwa ni samaki wa kawaida, nikaendesha jangwa zima mpaka Riyadh, mtaa wa Al-Suwaidi, kwa wahitaji wanaoishi kwenye jumba ambalo lango lake hufunguka lenyewe. Nilisikitika sana kuiona hali yao. Walikuwa na magari mengi hivi kwamba hawakuwa na mahali pa kuliegesha lori langu.

Humo jikoni kuna mpishi, binti wa kwetu. Jina lake nilikuwa nalijua, lakini leo asubuhi nilipokuwa navaa nimelisahau kabisa, na Bwana Morgan, hata ukiniuliza kesho nitakuwa bado sijalikumbuka. Sikuwa nimefika hata barabara kuu, simu ikalia. Ni picha: najili wamepangwa kwenye sinia, wekundu, wamenona, na kila mmoja mkia umekatwa kwa mshazari. Chini yake ameandika, "We Nahashon, nani amewanyoa samaki wangu?"

Mnajua yaliyofuata, kwa sababu nyinyi ndio mlioyafanya. Picha ikafika Al-Murabba kwa walinzi. Ikafika Batha, ambako wanaume wanaosubiri mabasi waliipitisha kutoka simu hadi simu. Mmoja akaandika, "Kumbe hata samaki wa huku hunyang'anywa pasipoti." Jioni ilikuwa imerudi Jeddah, gatini, kwenye simu ya Rafiqul.

Bwana Morgan akaanzisha uchunguzi wa kina. Hakuchunguza boti. Hakuchunguza stoo, wala aliyeagiza maboksi yafungwe. Alichunguza kisu. Akakiweka kwenye mfuko wa nailoni kama kisu cha muuaji, akakipeleka ofisini, akafikia uamuzi: tatizo la gati hili ni mikia. Kama Titus asingekata mikia, picha ingekuwa picha ya chakula cha mchana tu, na msimu ungebaki umefungwa salama salimini, kwenye tangazo, kwa lugha zote nne.

Nani kati yetu anaweza kuupinga uamuzi kama huo? Nani, wakati ikama yake, kibali chake cha kuishi nchi hii, iko kwenye droo ya Bwana Morgan?

Sasa nimefika kwenye msamaha wenyewe, na hapa nimekwama. Kwa utaratibu wa gati letu, Bwana Morgan, ambao wewe mwenyewe umetufundisha, hakuna kinachoandikwa kabla hakijalazwa mezani kionekane na wote. Samaki hasemwi akiwa bado majini. Hivi mimi nitausemaje msamaha wa pasipoti ambayo bado iko ndani ya koti? Naomba isogezwe mezani.

Nimekusikia, bosi. Bwana Morgan anasema, "Nahashon, maliza kwanza." Wageni waalikwa, si mnaona alivyo mnyenyekevu? Hataki makofi! Mtu amemtunzia mwenzake pasipoti miaka yote hii, bila kuombwa, na leo anaona haya kusimama apongezwe. Mama Magdaline, tumwachie aibu yake? Mama anasema hapana. Basi tumpigie makofi Bwana Morgan, tumpigie mpaka asimame! Wamisri, nanyi! Bangladesh! Dada zetu, vigelegele viko wapi?

Ahsanteni. Mheshimiwa mudiri naye anapiga makofi. Haelewi ni ya nini, lakini ni mtu mwenye adabu, na sasa anamwonyesha Bwana Morgan kwa mkono: simama, kijana, watu wanakushangilia. Ndiyo hivyo, bosi. Ndani ya koti. Upande wa moyo. Hapana, hiyo ni simu. Hicho. Mkabidhi mwenyewe, mkono kwa mkono, Victor apige picha.

Titus, fungua uone kama sura ni yako. Ni yako? Huruj ipo? Basi usikae tena. Usimkumbatie kila mtu, suti ya Victor haijazoea. Derrick ameshawasha gari. Msalimie Peris, mwambie shemeji zake wa gatini wanamwombea, na ukifika usinitumie picha ya mtoto mpaka umeshamshika. Nenda, ndugu yangu. Nenda. Huo mlango wa kushoto.

Nitangoja kidogo nilisikie gari likitoka.

Haya. Msamaha nilioahidi nauleta, mimi si mtu wa kuvunja ahadi. Jana Titus aliniambia kwamba kuna mtu mmoja tu anayetaka kumwomba radhi, na hili silitanii. Rafiqul, ni wewe. Alikwambia wote sawa, ukamwamini, ukafunga nyavu zako ukakaa na njaa yako, kisha ukaona picha. Ulipomwonyesha simu hukumtukana. Ulimwuliza tu, "Titus, wote sawa?" Akasema hilo swali ndilo anaondoka nalo, na kwamba anaomba umsamehe kwa kusema kwa niaba ya gati jambo ambalo gati halikuwa limekubali. Umemsikia? Rafiqul anasema mafi mushkila. Basi msamaha umeombwa, mbele ya watu, kama ilivyoagizwa. Nilivyoelewa mimi, haikusemwa uombwe kwa nani.

Usikunje uso, Bwana Morgan, maana nina neno la kukufurahisha. Asubuhi hii uliniita ofisini, ukanitilia chai kwa mkono wako, ukaniambia, "Nahashon, nafasi ya Titus iko wazi. Wewe umezoea kuendesha bila kufungua maboksi. Hotuba ikienda vizuri, kazi ni yako." Nilikuomba muda wa kufikiri. Wageni waalikwa, mnaionaje hotuba, imekwenda vizuri?

Nimewasikia, na mudiri nimemsikia pia, ingawa yeye amesikia makofi tu. Kwa hiyo, Bwana Morgan, mbele ya mashahidi hawa wote, kazi nimeikubali. Ikama yangu unayo, unajua unaweza kunifanya lolote, nami najua. Lakini itakubidi umweleze mudiri kwa nini unamfukuza mkaguzi mpya kabla wali haujapoa.

Najili bado wanazaa. Nilipokuwa nakuja niliiona boti ya starehe ikitoka kuelekea miambani, na kwa kawaida yake hurudi saa kama hizi. Kisu kile naomba nikitoe kwenye mfuko wa nailoni. Rafiqul, kaka, kula ushibe, kisha twende wote gatini ukanishikie ubao.

Mudiri, Bwana Morgan, Mama Magdaline, wageni wote, nawashukuru kwa kunipa masikio yenu. Naomba sasa mnipishe njia, nina samaki wa kupokea.